Mammootty au Mohanlal? Nimechoka!

Jamani, hivi hatuwezi kuongelea filamu za Kimalayalam, lugha ya Kerala kule kusini mwa India, bila kuulizwa uko upande wa nani kati ya mastaa hao wawili? Mtu kaulizia kwa adabu zake filamu ya Bramayugam ya 2024, ile aliyoiongoza Rahul Sadasivan, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho. Mvua, jumba bovu, na Mammootty kakaa pale anatisha kwa macho tu. Ungedhani tutajadili kamera. Wapi! Jibu la pili: "Mohanlal angeicheza vizuri zaidi hiyo." La tatu mapato. La nne matusi.

Na ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1998 mwongozaji Fazil alitoa Harikrishnans, wakubwa hao wawili wakimpenda binti mmoja, na picha ikatoka na miisho miwili: huku binti anamchagua huyu, kule yule. Watu wazima wanabembelezwa hivyo! Wenyewe wamecheza pamoja filamu zaidi ya 50.

Halafu anaibuka mjuaji: "Drishyam? Si ile ya Ajay Devgn?" Hiyo ya Devgn, mwigizaji wa Bollywood, ni nakala ya 2015 kwa lugha ya Kihindi, bwana! Ya asili mwongozaji Jeethu Joseph aliitoa kwa Kimalayalam 2013. Itafute uione kwanza, ndiyo uje kubishana.