Acheni kuzidanganya dizeli zetu

Mezani kwangu, juu ya gazeti la zamani, kuna pistoni ya Hilux ya mdogo wangu. Tangu juzi nimeigeuza sijui mara ngapi. Upande mmoja wa kichwa chake, pale dizeli ya nozeli inapopiga, ukingo umeyeyuka na kuchuruzika kama nta ya mshumaa, na mwisho wa huo mchirizi kuna tundu ambalo kidole changu cha mwisho kinapita. Ringi ya juu imegandia kwenye mfereji wake. Hii ni 1KD, injini ambayo ikitunzwa humsomesha mtoto kuanzia chekechea hadi chuo. Imekufa miezi miwili baada ya kufungiwa boksi la kuongeza nguvu.

Mdogo wangu alikuwa anapandisha mlima Kitonga na mabati kutoka Dar. Alipita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, jua la utosi, na kwenye mlima hakuinua mguu. Akanipigia: "Kaka, gari imekata nguvu, moshi mweupe mtupu, na oili inarushwa kwenye dipstiki." Kabla hajamaliza nilishajua silinda moja imekwenda.

Simlaumu yeye. Ninachokilaumu ni maneno aliyouziwa: eti kiwanda kimeficha nguvu, na boksi la laki tatu na nusu linaifungua. Hilo boksi mnalijua. Halitengenezi nguvu yoyote. Linachomekwa kati ya kompyuta ya gari na sensa ya presha ya reli, lile bomba linalozigawia nozeli dizeli, halafu linapunguza taarifa njiani. Reli ina bar 1,000, kompyuta inaambiwa 850. Nayo inaamini, inaiamuru pampu iongeze. Kila mpigo unapata dizeli zaidi, gari linaruka, dereva anafurahi. Lakini hewa haijaongezeka kwa kiasi hicho, joto ndani ya silinda linapanda, na ule ulinzi wote uliowekwa na wahandisi haufanyi kazi kwa sababu anayelinda amepewa taarifa ya uongo.

Na sisi wa nyanda za juu ndio tunaoumia zaidi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama moja ya tano pungufu kuliko Dar es Salaam. Gari zima linalijua hilo: sensa zinasoma, kompyuta inapunguza dizeli kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Boksi halijui Njombe wala Kibaha. Kwake kote ni sawa.

Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa ndani ya silinda umepita hapo mbali sana. Kinachoiokoa pistoni kila siku ni oili inayorushwa tumboni mwake na kijibomba kilicho chini ya silinda. Sasa wenye 1KD tunaujua ugonjwa wake: washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli. Zikianza kuvujisha, moshi wa mwako unapenya, masizi yanaingia kwenye oili, oili inageuka lami, na lami inakwenda kuziba streina, chujio la oili lililo ndani ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Presha ya oili inashuka, kijibomba kinakosa cha kurusha. Tulipoifungua sampu ya mdogo wangu nilikwangua streina kwa ukucha, ikatoka kitu kama masizi ya chungu yaliyolowana. Zaidi ya nusu ilikuwa imeziba. Yaani gari lilikuwa linaumwa tayari, na dawa tuliyolipatia ni kulikimbiza zaidi. Washa mpya na kazi ya kuzifunga visingefika bei ya lile boksi. Hapo ndipo ninapoumia.

Kwa hiyo nasema hivi, na nitaendelea kusema: nguvu ya kwanza ya kuitafuta ni ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Hilux Vigo ya 3.0, yenye hiyo 1KD, ilizaliwa na farasi 163 na Nyutoni-mita 343. Pikap nyingi ninazokutana nazo barabarani zimeshapoteza sehemu kubwa ya hizo, na wenyewe hawajui kwa sababu zimepotea polepole, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka juzi yalinikuta mimi. Gari likaanza kukata pumzi milimani, na kwenye sailensa, likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, mngurumo ukawa unapanda na kushuka. Fundi wa kwanza akasema turbo. Wa pili akasema pampu, tena alishanitafutia ya mtumba. Wa tatu, kijana mdogo tu wa Makambako, hakusema kitu. Alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akaishika mwenyewe, akaniambia, "Mzee, endesha upandishe ule mlima, mimi nitakaa pembeni. Ukifika katikati kanyaga, tusome hizi namba mbili." Moja ilikuwa presha ya reli inayotakiwa, nyingine presha iliyopo. Kwenye tambarare zilikuwa zinatembea pamoja kama mapacha. Mlimani, nilipokanyaga, ya kwanza ikaenda bar 1,100, ya pili ikabaki 700 inahangaika.

Ilikuwa SCV, ile valvu ndogo ya pampu inayopima dizeli ya kupelekwa kwenye reli, pamoja na filta ya dizeli ya bei poa niliyoinunua mwenyewe. Akafunga valvu orijino na filta orijino, halafu akafanya jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: akaifundisha kompyuta kwa mashine kwamba valvu ni mpya. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya pili nikaupanda kwa ya nne. Hakuna boksi lililonipa hiyo.

Nozeli nazo ni hivyohivyo. Ukibadilisha, ile namba ndefu iliyochongwa kichwani mwake lazima iingizwe kwenye kompyuta, la sivyo kompyuta inapima dizeli ya nozeli mpya kwa kipimo cha ile ya zamani. Fundi akikwambia haina haja, chukua funguo zako uondoke.

Sensa ya hewa inanipa hasira za peke yake. Ndani yake kuna uzi mwembamba unaopashwa moto; hewa inayopita inaupoza, na kompyuta inahesabu hewa kwa umeme unaohitajika kuurudishia joto. Basi. Uzi ukishikwa na vumbi au mafuta, hesabu imeharibika. Halafu mtu anaweka chujio la pamba lililolowekwa mafuta, eti gari lipumue, mafuta yanakwenda kukaa kwenye uzi uleule. Wengine wanaufuta kwa kitambaa! Kuna dawa yake ya kupuliza, unapulizia, unaacha ikauke, umemaliza. Ikiwa imekufa, nunua orijino. Ile feki ya elfu hamsini itazima taa ya injini wiki moja, kisha utarudi palepale.

Kuhusu EGR, ule mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, nakubali shingo upande kwamba manifoldi za 1KD, njia za kuingizia hewa, zinajaa masizi mpaka unashangaa hewa inapita wapi. Zisafishwe. Kuiziba EGR kwa bati na kuiacha kompyuta inawasha taa ya hitilafu siyo kusafisha.

Na mafuta: tangu EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, ilipoanzisha vinasaba, ile alama inayowekwa kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yagundulike, mwaka 2010 hali imekuwa nafuu, lakini maji bado yanaingia kwenye matanki. Fungeni chujio la pili lenye kikombe cha kuonyesha maji. Hilo ndilo boresho ninaloliunga mkono bila masharti.

Wapo mafundi, wachache, wanaoandika upya programu ya kompyuta yenyewe, wakitazama busti (presha ya hewa ya turbo), joto na presha ya reli gari likiwa barabarani na mzigo. Kazi yao ni ya kweli na nguvu inapatikana, siwezi kukataa. Lakini hao watakuuliza kwanza hali ya nozeli, klachi na interkula inayopoza hewa ya turbo, na watataka ufunge geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo, ili ukiona sindano inaelekea nyuzi 700 uinue mguu. Mtu ambaye hakukuuliza lolote kati ya hayo akufungie nini?

Bloku iko kwa mchonga silinda, Jumamosi tunaanza kuunga. Washa za shaba mpya zote nne, streina, SCV, sensa ya hewa, geji ya joto. Mdogo wangu anahesabu fedha kila jioni. Juzi kuna mtu alimpigia, anataka kulinunua lile boksi kwa laki mbili, na kwa hali yake laki mbili ni kubwa. Nimemwambia alilete kwangu, hiyo laki mbili nitampa mimi. Limeshafika. Liko hapa kwenye gazeti, kando ya pistoni.