Mto! Nipeni Mto!

Vidonge vya maumivu nilivyopewa baada ya kupasuliwa ngiri vilinitapisha, na aliyewahi kutapika akiwa na nyuzi kinenani hahitaji maelezo. Daktari akaniruhusu niviache. Nesi akanifundisha njia nyingine: niweke barafu dakika 15 hadi 20, iwe imeviringwa kwenye taulo, isiguse ngozi, nitembee kidogo kidogo, nivute pumzi ndefu na kuziachia taratibu. Nikitaka kukohoa, nikandamize mto juu ya kidonda. Na kuamka kitandani nisitumie nguvu za tumbo, bali nijibiringishe ubavu kama gogo, nishushe miguu, kisha nijisukume kwa mkono.

Mto ule ulikuwa mkombozi. Nilitembea nao hadi chooni, mke wangu akaanza kuuonea wivu.

Usiku wa tatu nikajiwekea barafu, usingizi ukanipitia. Zile dakika 20 zikawa saa mbili. Nikagutuka: majimaji yananitiririka mapajani, godoro limelowa chepechepe, na kinena hakina hisia kabisa. Nikajua basi, nyuzi zimefumuka, na ganzi ile ni roho inaaga kuanzia chini.

"Mama watoto! Natokwa damu!"

Akawasha taa, akafunua shuka, akatazama. Akachovya kidole.

"Baba watoto, damu yako siku hizi haina rangi?"

Kabla sijajibu, shemeji yangu aliyekuja kunihudumia akaingia mbio na tochi (taa ilikuwa inawaka, lakini tochi ilimpa ujasiri). Akaliona godoro. Uso ukamlainika kwa huruma.

"Usijali, shemeji. Hata kwa watu wazima hutokea."

Mke wangu akaangua kicheko, akashika ukuta. Mimi nikajikaza. Nikavuta pumzi ndefu kama nilivyofundishwa, lakini ilipofika wakati wa kuiachia taratibu, ikatoka kwi! kwi! kwi! Kila kwi ilivuta nyuzi zote kwa pamoja. Kikohozi unaweza kukichelewesha. Kicheko hakikupi hata sekunde ya kujiandaa. Machozi yakanitoka, nacheka, naugulia, naomba wanyamaze.

"Mto! Nipeni mto!"

Shemeji akaupata chini ya kiuno changu, unachuruzika maji. Akauinua kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na pua.

"Huu huu uliokojolewa?"