Bomba la pili liwekwe kabla zege halijamwagwa

Maji ya bomba mpaka yafike chooni yameshachujwa, yametiwa klorini, yamesukumwa na pampu za umeme kilomita kibao, halafu mtu anabonyeza tu na lita 6 au 9 zinaondoka. Hii kitu inaniuma kweli. Choo hakihitaji maji ya kunywa, bustani haihitaji, hata zege halihitaji, ila tunavipa kwa sababu jengo limewekewa bomba moja tu, basi.

Kila siku tunaambiwa tufunge bomba tukipiga mswaki, sawa tufunge, lakini mi naona uamuzi mkubwa unafanyika mapema zaidi, pale mchoro wa jengo au wa mtaa unapopitishwa. Ukiweka bomba la pili la kupeleka chooni na bustanini maji yaliyotumika ya bafuni na kwenye sinki za kunawia wakati kuta bado ziko wazi, ni kazi ndogo. Ukishamwaga zege na kubandika vigae ndo unakuja na hilo wazo, utabomoa sana, na wengi wakisikia gharama wanaacha.

Singapore walilielewa hili. Tangu 2003 wanasafisha majitaka kwa kuyapitisha kwenye utando mwembamba sana kisha mionzi ya UV ya kuua vijidudu, na sehemu kubwa inaenda viwandani kwa mabomba yake yenyewe, hasa viwanda vya chipu za elektroniki ambavyo vinataka maji safi kupita hata yale ya kunywa. Yaani majitaka ya jana leo yanaosha chipu. Na Windhoek, Namibia, wao tangu 1968 wanayarudisha mpaka kwenye maji ya kunywa, wanayachanganya na ya vyanzo vingine. Lakini kuna jambo watu wanalipita haraka: pale Windhoek majitaka ya viwandani yanatengwa na ya majumbani. Kwangu hapo ndo penye somo, maana ukishamwaga rangi na metali za kiwandani kwenye mfereji mmoja na maji ya kuogea, umejiongezea kazi ya kusafisha yote, wakati ungeweka mifereji miwili toka mwanzo usingefika huko.

Sasa viwandani kwenyewe, angalia mnara wa kupoozea, ule unaopoza maji yaliyobeba joto la mitambo. Maji yanazunguka, mengine yanapaa kama mvuke, chumvi inabaki na kujilimbikiza, kwa hiyo inabidi umwage kidogo uongeze mapya. Ukiyamwaga maji pale chumvi yake inapofika mara 3 ya ile ya maji yanayoingia, kila lita 100 zinazopaa unahitaji kuingiza lita 150. Ukivumilia mpaka mara 6, kwa kutibu maji vizuri ili mabomba yasishike magamba wala kutu, unaingiza 120. Yaani asilimia 20 imeokoka hapo na mnara haujabadilishwa, ni kupima na kusimamia tu! Kwenye kusuuza nguo au vyuma ni hivyohivyo, maji ya suuzo la mwisho bado karibu masafi, yarudishwe yafanye suuzo la kwanza badala ya kumwagwa.

Wanaoogopa bomba la pili wana hoja moja ya kweli na siipuuzi: siku fundi akakosea akaliunganisha na la kunywa, watu wataugua. Ndo maana Marekani bomba la maji yaliyosafishwa upya hupakwa rangi ya zambarau ili lisichanganywe, na kabla watu hawajahamia jengo linaweza kupimwa kwa kutia rangi kwenye mfumo mmoja halafu unafungua koki zote za ule mwingine. Rangi ikitoka jikoni, jengo halifunguliwi mpaka fundi arudi arekebishe na lipimwe tena.