Gari Halikutaka Kulia, Nikalia Mimi

Nimewahi kufukuzwa na mbwa, na siku moja na nyuki. Lakini kugongwa na gari la kuchezea, tena la kwangu mwenyewe, rimoti ikiwa mkononi mwangu na betri nimeichaji kwa mikono hii hii, hilo sikulitegemea maishani.

Gari lenyewe ni lori la kipimo cha 1:10, urefu wa dhiraa moja hivi, lenye matairi manene ya kupandia mawe. Linakata kona kwa sevo. Sevo ni kile kijisanduku cheusi chenye mota ndogo na gia ndani: ukizungusha usukani wa rimoti, sevo inakunja kimkono chake, kimkono kinasukuma fimbo, fimbo inakunja matairi ya mbele. Ile iliyokuja na gari ilikuwa na gia za plastiki. Siku tairi liliponasa katikati ya mawe mawili, nami kwa ubishi nikaendelea kukaza usukani, nikasikia krrrk. Kufungua, gia moja imekuwa kibogoyo.

Nikanunua nyingine. Gia za chuma, na ubavuni imeandikwa kilo 25. Niliinyanyua juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe.

"Mwanangu, hii inanyanyua gunia la kilo 25."

Mwanangu ana miaka 11 na ana ugonjwa wa kusoma vile vikaratasi vinavyokuja ndani ya boksi. "Baba, hizo kilo 25 ni kwa sentimita moja kutoka katikati ya shafti, kile kijiti kinachozungusha kimkono. Kimkono kikiwa na sentimita mbili na nusu, zinabaki kilo 10."

Nikamtuma akaniletee bisibisi.

Kufunga sevo yenyewe hakuna hadithi, skrubu nne basi. Shida ilianzia kwenye kimkono. Kile cha zamani kina meno 23 kwa ndani, shafti ya sevo mpya ina meno 25. Kiliingia nusu kikagoma. Nilishaanza kukishawishi kwa kitako cha bisibisi, mwanangu akanyoosha mkono, hasemi neno, akanipa kimkono kipya kilichokuwa ndani ya mfuko muda wote.

Nikakipachika kikiwa kimesimama wima, kinapendeza. Nilipotaka kukaza skrubu, akauliza: "Baba, kwani hatuiwashi kwanza ijitafutie katikati?"

"Baba yako alikuwa anafunga vitu hata hujazaliwa."

Ni kweli kabisa, nimefunga vitu vingi. Kwamba baadhi vilifunguka vyenyewe ni habari nyingine.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba sevo isiyo na umeme haina msimamo. Inakaa palepale ulipoiachia. Na mimi kwa dakika kumi nzima nilikuwa nimekaa naizungusha shafti yake kwa vidole, huku na huku, nikifurahia gia za chuma zinavyoteleza. Kwa hiyo ile "wima" yangu ilikuwa wima ya macho tu. Sevo yenyewe ilikuwa na mawazo mengine kuhusu katikati ni wapi. Na ili kukamilisha kazi, skrubu nikaipaka gundi ya kuzuia isilegee. Zipo za rangi mbili: ya bluu, ambayo ukitaka unafungua kwa bisibisi, na nyekundu, ambayo haisikii mpaka uichome moto. Nikapaka nyekundu. Kazi ya kiume.

Nikawasha rimoti, nikawasha gari. Matairi ya mbele yakaruka kushoto, pa! yakabaki hukohuko, sevo ikaanza kulia: nziiiiii. Ndiyo, ilikuwa inalia kushoto.

Sasa, rimoti ina kitufe kinaitwa trimu, kazi yake kunyoosha gari linalovuta upande kidogo. Kidogo. Mimi nilikizungusha mpaka kikafika ukutani. Matairi yakanyooka, kelele zikakata, nikamtazama mwanangu kwa jicho la "umeona?" Kisha nikajaribu usukani. Nakunja kulia, matairi yanakwenda kushoto. Kumbe sevo mpya inazunguka kinyume na ile ya zamani. Si neno, rimoti ina swichi ya kugeuza mwelekeo. Nikaigeuza.

Rimoti yangu, nikaja kugundua, inapogeuza inageuza kila kitu, na trimu humohumo. Ule mnyoosho wote nilioupeleka kulia ukahamia kushoto, juu ya ule upinde wa mwanzo. Matairi yakakunjika kuliko yalivyoumbwa kukunjika. Nziiiiii! Nikaikimbiza trimu upande wa pili, nayo hadi ukutani. Yakanyooka tena. Hesabu yangu ilikuwa kwamba makosa mawili yakikutana yanafutana.

Mwanangu alikuwa amerudi kwenye kikaratasi chake, anapiga mstari kwa penseli.

Tulipofika uwanjani tukamkuta shemeji, mume wa dada yangu, mtu ambaye kwa kawaida haonekani mpaka siku utakayoaibika.

"Shemeji! Hii ndiyo ile ya kilo 25?"

"Kilo 10," sauti ikajibu nyuma yangu.

Rimoti huiamuru sevo kwa mapigo mafupi ya umeme. Kwa kawaida pigo la maikrosekunde 1,500 ni katikati, likikaribia 1,000 ni mwisho wa upande mmoja, likikaribia 2,000 ni mwisho wa upande wa pili. Mimi ule upande wa kulia nilikuwa nimeula karibu wote kwa trimu, ili tu gari lisimame limenyooka. Kushoto kulikuwa na shamba zima, kulia kumebaki upenyo wa kupitisha barua.

Nikabonyeza mafuta. Lori likaondoka vizuri, mita kumi, shemeji akaguna kwa heshima. Nikakunja kushoto: likakunja kama kambare. Nikarudisha kulia: likafikiria. Likaanza kuzunguka, kwa mduara mdogo, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na kila nikikaza kulia mduara unaongezeka upana wa kiatu. Halafu kuna ile mitego ya kawaida ya michezo hii: gari likikugeukia uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Kwa hiyo kila mzunguko nusu yake nilikuwa nakosea kwa sababu ya sevo, na nusu iliyobaki nakosea kwa sababu yangu.

"Linatafuta kitu?" shemeji akauliza.

Kwa hasira nikabana usukani kushoto hadi mwisho. Sevo yenye nguvu ikisukuma mahali pasipopitika hunywa umeme kama msafiri wa jangwani. Volti zikashuka, risiva, kile kifaa ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti, ikazimika. Lori likasimama katikati ya uwanja, kimya, taa imekufa.

Nikaenda kuliokota. Nikainama, mkono wa kulia umelielekea lori, wa kushoto umeshika rimoti, na kidole, ndugu yangu, kidole bado kimekaa juu ya kibonyezo cha mafuta. Sevo ilipoacha kusukuma, umeme ukarudi. Risiva ikazinduka, ikauliza amri ni ipi, ikajibiwa: mafuta yote.

Liliruka likanipata kwenye muundi. Muundi hauna nyama, kila mtu anajua. Nikaruka kwa mguu mmoja, na kwa maumivu nikakamata rimoti kwa nguvu zaidi, yaani kibonyezo pia. Lori likamaliza mduara wake likarudi. Nikakimbia. Nilikimbia moja kwa moja, na kitu kinachozunguka kushoto, ukikimbia moja kwa moja, kinapaswa kukuacha. Lakini mimi nilikuwa nakimbia huku nikikaza usukani kulia, yaani nalinyooshea njia ya kunifuata. Likanipata tena, kisigino. Mwanangu ndiye aliyepiga kelele: "Baba, achia rimoti!"

Nikaitupa majanini. Lori likasimama. Shemeji alikuwa amekaa chini, anafuta machozi. Hivyo siku ile tulilia watu wawili, lori peke yake ndilo lililogoma kulia.

Kesho yake nilimwambia mwanangu asome kile kikaratasi kwa sauti. Nilichoma ile skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu mpaka gundi ikalainika, nikachomoa kimkono. Tukaliweka lori juu ya boksi, matairi hewani. Trimu katikati kabisa. Rimoti kwanza, gari baadaye. Shafti ikajizungusha kidogo, ikatulia, mwenyewe ikasema katikati ni hapa. Tukapachika kimkono ili kifanye pembe ya nyuzi 90 na fimbo. Hakikukaa sawasawa, maana meno 25 kwenye mduara ni hatua za zaidi ya nyuzi 14 kila moja, kwa hiyo ukikosa jino hili unaruka mbali. Kile kibaki kidogo tukakimalizia kwa kuzungusha fimbo yenyewe, ambayo ina hesi ya kulia ncha moja na ya kushoto ncha nyingine, unaizungusha katikati inarefuka au inafupika bila kufungua chochote. Skrubu, gundi ya bluu.

Mwisho tukaweka vikomo. Unakunja kulia hadi mwisho, unasikiliza. Ikilia nziii, unapunguza kikomo cha upande huo kwenye rimoti, kidogo kidogo, mpaka inyamaze. Kisha kushoto hivyohivyo, kivyake. Mwanangu aliweka sikio juu ya sevo na kunyanyua kidole kila ilipokuwa kimya. Dakika 20 kazi yote, pamoja na ile ya kuchoma skrubu.

Jioni shemeji akatokea uwanjani, safari hii na watoto wake watatu, wamevaa viatu vya safari. Nikaliachia lori. Likaenda mstari mmoja hadi mwisho wa uwanja, likakata kulia, likakata kushoto, likarudi likasimama mbele ya vidole vyangu. Nilikuwa karibu kupiga saluti.

Watoto wakatazamana. Yule mdogo akamvuta baba yake suruali.

"Baba, halafu linamgonga mjomba saa ngapi?"