Kufunga mwamba wa pweza: nani anabeba gharama?

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa visiwa ambavyo wavuvi wake wamejaribu kufunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kukifungua kwa siku maalumu. Mtindo huu ulipata jina huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, ulikoanza mwaka 2004. Wafadhili wanaupenda, na haishangazi: siku ya kufungua ndoo zinajaa na picha zinapendeza. Ila visiwani wapo wanaoupinga, nao wana hoja nzito kuliko wanavyopewa nafasi ya kuieleza.

Tuanze na pweza mwenyewe. Huyu wa miamba yetu maisha yake ni mwaka mmoja na kidogo tu, lakini akiwa mdogo na ana chakula cha kutosha, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa karibu mwezi. Tuchukue mfano wa pweza 100 wenye gramu 600 kila mmoja. Leo ni kilo 60. Waache miezi miwili, na tuseme nusu yao wameliwa na mikunga na chewa. Wale 50 waliobaki wakifika kilo mbili mbili, una kilo 100 mkononi, tena za pweza wakubwa ambao mchuuzi hawakatalii. Ni hesabu ya mfano tu, lakini hoja yote ya kufunga imesimama juu yake.

Ipo sababu ya pili, na hapa ndipo watu huahidiwa zaidi ya kinachowezekana. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia tunduni kwa mawe, haendi kuwinda, hukaa akiyapulizia mayai maji kwa karibu mwezi mzima, na yakishaanguliwa naye hufa. Akitolewa kwa mchokoo kabla ya hapo, uzazi wake wote umepotea. Kufunga mwamba kunamlinda, hilo ni kweli. Lakini vitoto vyake havibaki pale. Huchukuliwa na mkondo wiki kadhaa kabla ya kutua chini, na vinaweza kutua kwenye mwamba wa jirani ambaye hakufunga chochote. Kwa hiyo faida ambayo kijiji kinaweza kuitegemea ni ya uzito, si ya kizazi kijacho. Na uzito una mwisho wake: mwamba ukifungwa miezi sita, wengi waliokomaa wanakufa wenyewe bila kumfaa mtu. Miezi miwili hadi mitatu inatosha.

Sasa upande wa pili. Miezi mitatu kwa mwanamke anayevua kwa mguu ni bamvua sita, yaani vipindi vya maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Kila bamvua humpa siku nne au tano ambazo maji yanakupwa vya kutosha, mwendo wa saa nne asubuhi, kiasi cha kufika kwenye mashimo ya pweza na kurudi kabla ya maji kujaa. Jumla yake ni kama siku 24 hadi 30 za kazi. Mzamiaji mwenye miwani hapotezi kiasi hicho. Yeye hufuata pweza kwenye maji ya kina, hata maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, na akiwa na chombo anakwenda mwamba mwingine. Mtumishi wa mradi anaposema "kijiji kimekubali kufunga", ni vizuri aulizwe mkutanoni walizungumza kina nani. Mara nyingi ni wenye vyombo.

Takwimu za Madagaska hutajwa sana katika ubishi huu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia ufungaji 36 katika kipindi cha miaka minane, ukaona mavuno yanapanda katika siku 30 baada ya kufungua, na mapato ya vijiji hayakuonekana kushuka wakati wa kufunga. Ni matokeo mazuri. Ila kilichofungwa kule kilikuwa kama sehemu moja ya tano ya eneo la kuvulia pweza. Kwenye kisiwa kidogo, sehemu moja ya tano ya ramani inaweza kuwa ndiyo mwamba wote ambao mtu wa mguu anaufikia. Wastani wa kijiji hauonyeshi hilo, kwa sababu pato la mzamiaji linafunika hasara ya mwenzake.

Uchaguzi wa mwamba ndio kazi ngumu kuliko zote. Mwamba wa karibu unalindika: aliyekaa barazani anaona nani ameingia, na doria haihitaji mafuta. Lakini ndio mwamba wa wanawake, wazee na watoto. Mwamba wa mbali hauumizi mtu, lakini hauna macho. Wezi huja usiku na taa, hasa wiki mbili za mwisho pweza wanapokuwa wamenona, na wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kutoka kwingine, wanaweza kusema hawakuambiwa. Boya la kuonyesha mpaka likikatwa, ushahidi umekwenda nalo. Kamati nyingi huangukia mwamba wa karibu kwa sababu ya gharama za doria, na kwa hesabu za kamati ni uamuzi wa busara. Ila maana yake ni kwamba gharama ya boti imehamishiwa kwenye jungu la mtu mwingine.

Watetezi hujibu kwamba muda huo mtu anaweza kulima mwani. Jibu hili si la kupuuzwa, kwa sababu mwani nao hufanyiwa kazi maji yakiwa yamekupwa, saa zile zile za pweza. Spinosamu, aina ya mwani inayolimwa sana, huvunwa baada ya wiki sita hivi, hivyo miezi mitatu ni mavuno mawili. Lakini kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu, bei hupangwa na mnunuzi, na kotonii, aina nyingine yenye bei nzuri, haistahimili joto la maji ya kina kifupi. Pweza akipatikana leo analiwa leo au anauzwa leo. Mwani hausongi ugali mpaka mnunuzi aje.

Halafu ifike siku ya kufungua. Wazamiaji huingia kutokea upande wa bahari kuu maji hayajakupwa, na watu wa mguu wakifika mashimo ya nje yameshasafishwa. Umati nao huvunja matumbawe kwa nondo na kwa miguu. Diko, yaani mahali pa kushushia samaki, linapokea kwa saa tatu shehena ambayo kwa kawaida ingechukua wiki mbili, barafu haitoshi (kanuni ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya pweza), na mchuuzi akiona hivyo anashusha bei papo hapo. Kisiwa kimesubiri miezi mitatu, kisha kinauza kwa bei ya hasara.

Kwa maoni yetu kufunga kunafaa, lakini masharti ya kufungua yaandikwe kabla boya la kwanza halijatiwa majini. Siku mbili za mwanzo ziwe za wanaovua kwa mguu peke yao, wazamiaji waingie siku ya tatu. Bei ya kilo iafikiwe na wachuuzi wawili au zaidi, wakijua tarehe mapema ili waje na barafu. Kila mzigo upimwe dikoni na kuandikwa jina la mvuvi na njia aliyovulia, maana bila daftari hilo ubishi wa nani amefaidika utaishia kwenye makelele. Tarehe iangukie bamvua kubwa, si siku ambayo mgeni rasmi ana nafasi. Ada ya kuingia kwa watu wa nje ilipe doria ya msimu unaofuata. Na kama mwamba wa karibu ndio pekee unaolindika, ufungwe nusu, nusu nyingine ibaki wazi kwa wasio na chombo. Mavuno ya siku ya kufungua yatakuwa madogo zaidi, na huenda mfadhili asifurahi.