Marta Hana Kombe la Dunia, na Kwangu Bado ni wa Kwanza

Ubishi ulikuwa juu ya nani mchezaji bora wa kike wa nyakati zote. Nikamtaja Marta, na kabla sijamaliza rafiki yangu akanikatiza: "Kombe la Dunia analo?" Nikasema hana. "Dhahabu ya Olimpiki?" Hana. Akanyanyua mikono kama mwamuzi aliyepuliza kipenga cha mwisho, na kwa waliokuwepo kesi ikawa imefungwa.

Kwangu haijafungwa. Nimetembea na swali lile kwa wiki kadhaa, na kadiri ninavyoligeuza ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kosa limo ndani ya swali lenyewe. Kombe la Dunia ni la nchi. Tunapolitumia kumpima mchezaji mmoja mmoja katika soka la wanawake, mara nyingi tunachopima ni ukarimu wa nchi aliyozaliwa.

Kwanza tuweke mezani alichonacho. Marta Vieira da Silva alizaliwa mwaka 1986 Dois Riachos, mji mdogo katika jimbo la Alagoas, kaskazini mashariki mwa Brazil. Akiwa na miaka 14 alipanda basi kwenda Rio de Janeiro, safari ya siku tatu, kufanya majaribio klabu ya Vasco da Gama. Akiwa na 18 alikuwa Umeå, kaskazini mwa Sweden, na mwaka huohuo wa 2004 akabeba ubingwa wa klabu za Ulaya. Alichaguliwa mchezaji bora wa dunia wa FIFA miaka mitano mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2010, kisha akarudi kuichukua tuzo hiyo tena mwaka 2018, akiwa na umri ambao wengi huwa wameshaanza kuagwa. Mwaka 2019 alipoifunga Italia kwa penalti, lilikuwa bao lake la 17 katika Kombe la Dunia. Akampita Miroslav Klose wa Ujerumani mwenye 16, akasimama juu ya orodha yote, wanaume kwa wanawake.

Lakini hizo ni namba, na namba hazinitoi machozi. Kinachonitoa machozi ni nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2007 kule Hangzhou, China, Brazil dhidi ya Marekani. Marta anapokea mpira upande wa kushoto, mgongo ameupa lango, beki amemganda. Anaupitisha mpira upande mmoja wa beki, yeye mwenyewe anazunguka upande wa pili, wanakutana tena na mpira wake mbele kana kwamba walikuwa na miadi. Anamla chenga mwingine, anapiga, kipa wa Marekani, Briana Scurry, anaokota mpira wavuni. Brazil 4, Marekani 0. Nimelitazama bao lile mara nyingi kiasi kwamba najua ni wapi hasa sauti ya watazamaji inapobadilika, na bado kila mara mwili unasisimka.

Siku tatu baadaye Shanghai, fainali, Ujerumani ikashinda 2-0. Marta alipata penalti ya kusawazisha, Nadine Angerer akaipangua. Kipa yule hakuruhusu hata bao moja mashindano yote. Marta akaondoka na Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora na Kiatu cha Dhahabu cha mfungaji bora, na Birgit Prinz wa Ujerumani akanyanyua kombe kwa mara ya pili mfululizo. Prinz alistahili kila alichopata, sitaki mtu anielewe vibaya. Ninachouliza ni kile kilichokuwa nyuma ya kila mmoja wao.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo hoja yangu yote ilipolala.

Mia Hamm, mshambuliaji wa Marekani, alizaliwa Machi 1972. Miezi mitatu baadaye, Juni, Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya mpira, lakini vyuo vililazimika kuwapa wasichana timu, makocha, viwanja na ufadhili wa masomo. Hamm akakua sambamba nayo. Alipofika Chuo Kikuu cha North Carolina alikuta kila kitu kinamsubiri, na Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilipochezwa China mwaka 1991 alikuwa na miaka 19 na tayari ni bingwa wa dunia. Alimaliza na mabao 158 ya kimataifa, makombe mawili ya dunia na dhahabu mbili za Olimpiki.

Sasa mtazame Formiga. Alizaliwa Salvador, Brazil, Machi 1978. Siku aliyozaliwa, mwanamke kucheza mpira nchini mwake lilikuwa jambo lililokatazwa na sheria. Amri ya serikali ya mwaka 1941, enzi za Getúlio Vargas, iliwazuia wanawake kushiriki michezo iliyodaiwa kutopatana na maumbile yao, na ilikaa hadi 1979. Miaka 38. Nchi iliyojiita nchi ya mpira iliwafungia nje wasichana wake vizazi vizima, katika miaka ileile ambayo Pelé na wenzake walikuwa wakibeba makombe matatu ya dunia. Na marufuku ikiondolewa, viwanja haviji siku ya pili, wala makocha, wala baba aliye tayari kumnunulia binti yake viatu vya mpira.

Katika hali hiyo Formiga alicheza Kombe la Dunia mara saba, kuanzia 1995 hadi 2019. Alicheza Olimpiki zote saba za kwanza za soka la wanawake, kuanzia Atlanta 1996 hadi Tokyo, ambako alikuwa na miaka 43. Kiungo wa kukaba, kazi isiyopigiwa makofi. Jina lake la utani kwa Kireno maana yake ni sisimizi, na ukimtazama akizunguka kati ya uwanja, akiokota mipira iliyowaponyoka wenzake na kuirudisha mahali pake, unaelewa mara moja kwa nini walimwita hivyo. Kabati lake lina medali mbili za fedha za Olimpiki, 2004 na 2008. Kwa kipimo cha rafiki yangu, amemzidi nani? Kwa kipimo changu, sijui ni mchezaji gani aliyeubeba mchezo huu kwa muda mrefu kuliko yeye.

Kuna atakayesema Ujerumani nayo iliwapiga marufuku wanawake. Kweli, shirikisho la huko lilifanya hivyo mwaka 1955. Lakini liliondoa marufuku mwaka 1970, na ligi kuu ya wanawake ikaanza mwaka 1990. Kizazi cha Prinz kiliikuta. Amerika ya Kusini ilibidi isubiri hadi 2019 ndipo klabu zilipolazimishwa kuwa na timu ya wanawake ili ziruhusiwe kucheza Copa Libertadores, mashindano ya klabu za bara hilo. Marta wakati huo alikuwa na miaka 33.

Uingereza wana deni lao pia. Desemba 1920, siku moja baada ya Krismasi, timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza Goodison Park mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye chama cha soka kikawafungia viwanja vyake, na kufuli lile likakaa nusu karne. Winga wao, Lily Parr, alifunga mabao yasiyo na hesabu ya uhakika na akafanya kazi ya uuguzi hospitalini huku akiendelea kucheza. Hakuwahi kupata mechi hata moja ya mashindano ya dunia, maana hayakuwepo. Mwaka 2002 ndipo jina lake lilipoingizwa katika jumba la mashujaa wa soka la Uingereza, mwanamke wa kwanza. Alikuwa amekufa tangu 1978.

Nikitoka huko namfikia Christine Sinclair wa Kanada. Mabao 190 ya timu ya taifa. Hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kuyafikia. Alianza kuichezea Kanada akiwa na miaka 16, na maisha yake yote ya klabu nchi yake haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Ilianza Aprili 2025, miezi michache baada ya yeye kustaafu. Mabao yote yale aliyafunga kwa ajili ya nchi ambayo haikuweza kumpa ajira nyumbani.

Tarehe 6 Agosti 2012, Old Trafford, nusu fainali ya Olimpiki, aliifunga Marekani mabao matatu peke yake, na mara tatu Marekani wakasawazisha. Katika dakika ya 123 Alex Morgan akapiga kichwa, ikawa 4-3. Kama Sinclair angeishia pale, leo angekuwa kwenye orodha ya wasio na kitu. Lakini tarehe ileile, 6 Agosti, mwaka 2021 kule Yokohama, aliangushwa ndani ya boksi kwenye fainali dhidi ya Sweden, Jessie Fleming akafunga penalti ya kusawazisha, na Kanada wakashinda kwa mikwaju. Alikuwa na miaka 38 na tayari ametolewa nje mikwaju ilipoanza kupigwa, akiitazama kama sisi. Je, Sinclair wa asubuhi ya siku ile alikuwa mchezaji mdogo kuliko Sinclair wa usiku wake?

Swali hilo ndilo ningependa rafiki yangu alijibu.

Na akimaliza, anijibu kuhusu Barbra Banda. Olimpiki ya Tokyo, nahodha huyu wa Zambia alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi. Zambia wakafungwa 10-3. Mechi iliyofuata akafunga mengine matatu dhidi ya China, sare 4-4. Miaka mitatu baadaye, Olimpiki ya Ufaransa, akafunga matatu tena dhidi ya Australia, Zambia wakiongoza 5-2, wakapoteza 6-5. Mara tatu ameondoka uwanjani na mpira wa mechi mkononi, zawadi ya anayefunga matatu, na hata mara moja hakuondoka na ushindi. Mshambuliaji mmoja hawezi kuwa yeye tena beki wa kati, kipa, kocha wa viungo na miaka kumi ya akademi iliyokosekana.

Upande wa pili wa hoja yangu uko Hispania. Mwaka 2015 ndio walikwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo Barcelona ikaifanya timu yake ya wanawake kuwa ya kulipwa. Aitana Bonmatí na Alexia Putellas hawakushuka kutoka mbinguni baada ya hapo. Vipaji vya namna ile Hispania walikuwa navyo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliviwekea mezani chakula, madaktari na mazoezi ya kila siku. Hata hivyo haikutosha: Septemba 2022 wachezaji 15 waliliandikia shirikisho kwamba hawako tayari kuitwa hadi mazingira yarekebishwe. Chini ya mwaka mmoja baadaye Hispania wakawa mabingwa wa dunia, Bonmatí akiwa mchezaji bora wa mashindano. Kati yao, yeye na Putellas wamechukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, zote za kuanzia 2021 hadi 2025. Mavuno yale yalikuja haraka mno, na ndiyo maana nahuzunika nikifikiria nchi ambazo hazikupanda.

Kwa wanaume hatuna ukali huu. George Weah hakuwahi kukanyaga Kombe la Dunia, na sijasikia mtu akimvua Ballon d'Or yake ya 1995. Tunasema, Liberia ingempeleka wapi? Tunaelewa bila kuelezwa. Huruma hiyohiyo ya akili ndiyo ninayoiomba kwa Marta, ambaye nchi yake ilikuwa na uwezo wote na haikumpa.

Mwaka 2023 Brazil walitoka hatua ya makundi baada ya sare tasa na Jamaika, na wengi tukadhani tumemuaga. Mwaka uliofuata alicheza fainali ya Olimpiki jijini Paris, akaingia kutoka benchi, Marekani wakashinda 1-0. Medali yake ya tatu ya fedha. Novemba mwaka huohuo, Orlando Pride, klabu aliyoitumikia tangu 2017, ikatwaa ubingwa wa ligi ya Marekani kwa bao moja. Mfungaji wa bao lile alikuwa Barbra Banda. Niliwatazama wakikumbatiana, wawili ambao timu zao za taifa haziwezi kuwapa wanachostahili, na nikafurahi kama vile ni ndugu zangu.

Kisha Quito, Agosti 2025, fainali ya Copa América, ubingwa wa Amerika ya Kusini, dhidi ya Colombia. Marta ana miaka 39. Anaingizwa zikiwa zimebaki dakika chache. Kisha Brazil wako nyuma 3-2, dakika za majeruhi zinayoyoma. Mpira unamkuta nje ya boksi, kwenye guu lake la kushoto, na anaupiga bila kuuliza ruhusa ya mtu. Tatu tatu. Katika muda wa nyongeza akaongeza jingine, ikaisha 4-4, na Brazil wakachukua ubingwa kwa mikwaju.

Kombe la Dunia lijalo la wanawake, la 2027, litachezwa Brazil, katika nchi ambayo siku Formiga alipozaliwa ilikuwa bado na ile amri.