Njia ndogo za hewa: tusubiri kipimo au tuanze na moshi?

Mwaka 1968, James Hogg, Peter Macklem na William Thurlbeck walipima mapafu ya watu waliokwisha kufariki, wakaonyesha kwamba katika ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, kizuizi kikubwa kimo katika njia zenye kipenyo kisichofika milimita 2. Kwa mtu mwenye afya njia hizo ni nyingi mno, hewa hupita humo bila taabu, na ndiyo maana zinaweza kuharibika kwa wingi kabla mwenyewe hajaanza kuhema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba hata wagonjwa wa hatua za mwanzo walikuwa wamepoteza karibu asilimia 40 ya vijia vya mwisho vya hewa.

Kipimo cha kawaida cha kupuliza hutambua ugonjwa pale hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza inapokuwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote iliyopulizwa. Kwa hiyo wapo wanaodai kwamba kipimo hicho huchelewa, na kwamba tuwe na vifaa vinavyochunguza njia ndogo zenyewe, vikiwamo vile vinavyotuma mawimbi ya hewa mgonjwa akiwa anapumua kawaida. Hoja hiyo ina uzito hapa Dodoma. Mama wa Chamwino au Bahi anayesonga ugali wa uwele juu ya mafiga ndani ya tembe, chini ya paa fupi la udongo ambalo boriti zake zimekuwa nyeusi tii kwa masizi, huenda hajawahi kugusa sigara. Na inajulikana kwamba moshi wa kuni huelekea kuumiza zaidi njia za hewa kuliko kubomoa vifuko vya mapafu.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Majibu ya vipimo hivyo hubadilikabadilika, viwango vya kutenganisha mzima na mgonjwa bado vinabishaniwa, na hakuna dawa inayorudisha kijia kilichokwisha kutoweka. Kumwambia mtu asiye na dalili kwamba ana ugonjwa wa kifua, katika kijiji ambako kikohozi kirefu humfanya ashukiwe kuwa na kifua kikuu, ni kumtwisha mzigo bila kumpa tiba. Tena zahanati nyingi hazina hata kile kipimo cha kupuliza: makohozi yakionekana hayana vimelea vya kifua kikuu, mgonjwa hupewa antibiotiki na kurudi jikoni kwake, kwenye moshi uleule.

Kuhusu mashine nakubaliana na upande huu wa pili, lakini sikubali kwamba tusubiri. Kama madhara hayarudishiki na chanzo chake kinaonekana kwa macho, chanzo ndicho cha kushughulikiwa kwanza. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ila mtungi wa gesi uliokaa pembeni kwa kukosa hela ya kujaza haumwokoi mtu, na kaya inayochanganya gesi na kuni bado inavuta moshi. (Mkaa nao, pamoja na moshi wake mdogo, si salama ndani ya chumba kilichofungwa.)

Wakati huohuo, mhudumu wa zahanati anaweza kuanza kuuliza na kuandika kwenye kadi: unapikia nini, ndani au nje, kwa miaka mingapi? Mwenye miaka mingi ya moshi, anayekohoa na asiye na kifua kikuu, apewe rufaa ya kupuliza kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa, na huko ndiko vifaa vichache tutakavyomudu vipelekwe kwanza.